Mkalimani na Mbio za Motokaa

Iringa nzima tulimwita Mkalimani. Hata mkewe, akimtuma mtu sokoni, alisema, "Kaniitie Mkalimani, mwambie chai inapoa." Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, ila sitaliandika, maana mwenyewe hakupenda litajwe ovyo. Wala sitasimulia alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani. Miaka ile ya hamsini, watu wenye asili ya pwani waliokuwa pale mjini walipenda sana kuulizana mambo hayo. Yeye akiulizwa alijibu, "Natoka nyumbani kwangu, pale nyuma ya soko," akaendelea na njia yake.

Mimi nilikuwa nesi, Mhehe wa Kilolo, Mkristo, nimepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake. Nilipohamia pale sikumjua mtu. Asubuhi ya kwanza alipita na kanzu yake na koti jeusi juu, akasimama mbele ya mlango wangu akaniamkia, "Kamwene," kwa Kihehe safi kuliko cha watu wengi wa kwetu. Nilidhani ni mjomba wangu amekuja.

Kazi yake ilikuwa mahakamani. Shahidi akisema Kihehe, Kibena au Kisangu, yeye aligeuza kuwa Kiingereza kwa ajili ya hakimu, kisha akarudisha maneno ya hakimu kwa shahidi. Na alikuwa na namna yake. Hakusema, "Shahidi anasema aliiba ng'ombe." Alisema, "Niliiba ng'ombe." Askari mmoja mgeni, siku ya kwanza kumsikia, alimwangalia kama anayetaka kumtia pingu. Nilimuuliza kwa nini anajitwika makosa ya watu. Akasema, "Mdomo ni wangu, maneno ni ya mwenyewe. Nikishasema 'anasema', nimejipenyeza katikati yao. Mkalimani akijipenyeza, haki hupinda."

Lakini kilichomfanya ajulikane toka Iringa hadi Mbeya si mahakama. Ni baraza.

Mwaka mmoja mashindano ya magari yalipita kwetu, motokaa zimepakwa namba ubavuni, na watu wakajaa barabarani tangu alfajiri. Zilipita. Kesho yake mji mzima ulikuwa na neno moja tu: nani kaongoza. Mkalimani alisikiliza mabishano hayo kwa muuza kahawa, kisha akaweka kikombe chini. "Jambo limepita mbele ya macho ya watu wote hawa, na mlichobaki nacho ni jina la mtu mmoja na vumbi. Hii ni aibu. Jambo kama hili linasomwa."

Basi akaanza kulisoma. Jumamosi baada ya Alasiri, katika chumba cha madrasa nyuma ya soko, aliweka fomu za kukalia na kuita watu: makarani, madereva, mafundi, walimu, wauza duka. Mara kwa mara baraza lilihamia Mbeya, katika darasa la misheni aliloazimwa na Mwinjilisti mmoja wa Kinyakyusa, rafiki yake mkubwa na mpinzani wake mkubwa. Msomaji alisimama, akasoma au akasimulia, kisha maswali. Kucheka kulikatazwa. Kumsema vibaya Mzungu au Mhindi ambaye hayupo kulikatazwa pia. "Aje kwanza," alisema, "ndipo umseme."

Somo la kwanza alitoa mwenyewe. Alisema mbio hazikuletwa na motokaa. Matarishi wa watemi wa Kalenga walikimbia milima hii kabla barabara haijachongwa, wakipokezana habari, na waliheshimiwa kwa mwendo wao. Mwinjilisti, aliyekuja kwa basi toka Mbeya, akainua mkono. "Tarishi alibeba habari. Hawa wa motokaa wanapeleka nini?"

Mkalimani alifikiri sana. "Wanajipeleka wenyewe."

"Basi ndugu yangu, hayo si mashindano. Ni kiburi."

Walibishana mpaka adhana ya Magharibi, na baada ya swala wakaendelea barabarani, mmoja ameshika Biblia, mwingine tasbihi, wananyoosheana vidole. Mwinjilisti alilala kwa Mkalimani siku hiyo, kama alivyolala kila alipokuja.

Neno kubwa la Mkalimani katika baraza lilikuwa "Panaitwaje?" Huko Mbeya alisimama dereva mzee aliyeendesha malori wakati wa dhahabu ya Chunya, akatueleza walivyokuwa wakifukuzana kushuka mlima, mizigo imefungwa kwa kamba za katani, mataniboi wananing'inia nyuma na mawe ya kuzuia magurudumu. Watu walikuwa wameachama. "Tukafika pale kwenye kona mbaya," akasema mzee.

"Panaitwaje?" akauliza Mkalimani.

"Tulipaita kona mbaya, Mzee."

"Hilo ni jina lenu nyinyi wapitaji. Wasafwa wenyewe wanapaitaje?"

Dereva hakujua. Hadithi ikasimama hapo hapo, na Msafwa mmoja, mpishi wa misheni, akaitwa toka jikoni aje ataje jina. Ndipo lori likaendelea kushuka. Mafundi wa Iringa walimtania kwa neno hilo, akipita karibu na gereji walimpigia kelele, "Mkalimani, panaitwaje?" Naye aliwajibu kwa uzito, jina la mtaa, kana kwamba wameuliza kweli.

Hata mimi alinisimamisha. Aliniomba nisome habari za mwili wa mtu katika ajali. Wanaume walinung'unika: mwanamke, tena nesi, atatufundisha nini kuhusu motokaa? Akawaambia, "Motokaa mnaijua. Anayoyaona yeye wodini hamjayaona." Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye kifua na usukani karani mmoja alitoka nje akakaa kizingitini. Mkalimani hakunikatiza. Mwisho alisimama akasema, "Tumekuwa tukisoma nusu ya jambo," na tangu siku hiyo mahali pangu katika fomu ya mbele hapakukaliwa na mwingine.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Kikombe cha pili cha chai kwake ulikinywa bila sukari. Alikasirika upesi mtu akikosea lugha. Na jambo la kushangaza kupita yote, mtu huyu aliyetusomesha mwendo kasi alikuwa anaogopa magari. Nilisafiri naye kwenda Mbeya mara nyingi. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, amefumba macho, tasbihi inakimbia vidoleni, na basi likishuka mteremko midomo yake ilikauka. Tukifika alishuka, akaegemea ukuta kwanza. Kisha alinyoosha kofia, akaingia darasani, akatuhutubia juu ya ushujaa.

Mwanawe ndiye aliyejua kumcheka. Kijana huyo alikuwa fundi makanika katika gereji ya Kalasinga, mrefu, mikono myeusi ya grisi hata siku ya Idi. Yeye peke yake alivunja kanuni ya kutocheka. Baba alipohutubia juu ya namna ya kukata kona, kijana aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na fomu nzima ikamfuata.

Na baba alikuwa mgumu kwake. Alimsahihisha Kiswahili mbele za watu. Alimkosoa Kiingereza. Kijana akileta habari ya maana katika baraza, kwa wengine Mkalimani angesema "ahsante, umetuongezea", kwake alisema, "Kaa." Siku moja nilimwambia, "Mzee, yule mtoto anajitahidi." Tulikuwa tunatoka hospitalini kumwona mgonjwa. Alinijibu tulipokaribia nyumbani. "Yule ana mikono inayosikia," akasema. "Akiweka kiganja juu ya injini anajua ugonjwa. Sijapata kuona. Lakini nikimsifu atalegea."

Aliniambia mimi. Yule mwenyewe hakuambiwa.

Ukaja msimu ambao walowezi na wafanyabiashara walipanga mashindano yao wenyewe, kutoka Iringa hadi Mbeya. Mlowezi mmoja mwenye shamba la tumbaku alitaka fundi wa kukaa pembeni yake, na Kalasinga akamtajia kijana wetu. Mama yake alikataa. Alikataa kwa maneno, akakataa kwa kutokupika. Kijana akalipeleka jambo katika baraza, mbele ya watu wote, nadhani kwa kuwa ombi la namna hiyo, mbele ya mashahidi, baba yake asingeweza kulijibu kwa "Kaa" peke yake.

"Mzee Mwenyekiti," alisema, maana hapo hakumwita baba, "naomba ruhusa ya kwenda."

Mkalimani alivua miwani. "Nani humu ndani," akatuuliza, "amewahi kukaa ndani ya motokaa inayoshindana?" Akatutazama mmoja mmoja. "Miaka yote hii tunasimulia ngoma tuliyoitazama dirishani." Akamgeukia mwanawe. "Nenda. Angalia kila kitu. Ukirudi utatusomea wewe."

Kijana hakucheka siku hiyo. Alisimama wima kama mtu aliyepewa cheo.

Jioni ile nilikuwa uani kwao, namsaidia mama yake kuchambua mchele. Mkalimani alipoingia, mkewe hakuinua uso. "Mtoto si neno, Mkalimani," alimwambia, "kwamba utalitoa huku ulirudishe kule."

"Atarudi," akasema.

"Sema inshallah."

Akasema inshallah.

Mvua zilikuwa hazijakatika. Siku ya mashindano nilikuwa zamu, na mchana lori la mahindi liliingia hospitalini likipiga honi. Mlowezi wa tumbaku alikuwa mbele, mguu umevunjika. Akapelekwa upande wao wa Wazungu. Nyuma, juu ya magunia, alikuwepo mwanamke wa shamba, matope hadi magotini, amepakata kichwa cha mtu aliyefunikwa kitenge. Nilifunua kitenge hicho mimi mwenyewe. Walikuwa wamepinduka kwenye mteremko mbele ya Ifunda. Kifua cha kijana wetu kilikuwa kimeingia ndani. Alikuwa amekwisha kufa njiani.

Mkalimani alikuja kwa miguu. Nilimngoja mlangoni, nikasahau kila nilichofundishwa juu ya kutoa habari. Nilisema tu, "Mzee." Alielewa. Alivua kofia, akaniuliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Kuna mama alimshika mpaka mwisho."

"Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani.

Walimzika siku ile ile. Magazeti yalipofika yalitaja mashindano, yalitaja mvua, yalimtaja mlowezi na mguu wake. Fundi wa pembeni hakutajwa.

Baadaye mahakama iliitisha uchunguzi wa kifo. Shahidi mkubwa alikuwa yule mama wa Ifunda, ambaye hakujua lugha nyingine ila Kihehe. Nami niliitwa kueleza alivyofika. Hakimu, Mwingereza, alimwambia Mkalimani mbele yetu kwamba anaweza kuahirisha shauri, mkalimani mwingine aletwe toka Mbeya. Mkalimani akajibu, "Bwana Hakimu, yule wa Mbeya ni mtu mzuri, lakini Kihehe amejifunza ukubwani. Maneno mengine yatampotea." Akachukua nafasi yake karibu na kizimba, kama siku zote.

Yule mama hakujua kwamba anayemgeuzia maneno ni baba wa marehemu. Alisimulia kwa utulivu. Alikuwa akipalilia, akasikia mlio, akaona gari limelala magurudumu juu, akakimbia. Na Mkalimani akasimama mbele ya hakimu akasema kwa Kiingereza, "Nilikimbia. Nilimkuta kijana katika majani. Nilimshika kichwa." Sauti yake haikubadilika. Mimi nilijua lugha zote mbili, ile iliyotoka na ile iliyoingia, na kwangu kila neno lilipiga mara mbili.

"Alisema lolote?" hakimu akauliza.

Mkalimani akamuuliza. Yule mama akafikiri. "Aliniuliza, 'Mama, hapa panaitwaje?' Nikamtajia. Akasema, 'Vizuri. Baba atauliza.'"

Katika watu waliokuwamo mle, waliojua Kihehe na Kiingereza pamoja tulikuwa wachache, na hakimu hakuwa mmoja wao. Mkalimani angeweza kuliacha neno hilo lianguke. Angeweza kusema, "Hakusema kitu." Alishika ukingo wa kizimba.

"Aliniuliza mahali pale panaitwaje," akasema kwa Kiingereza. "Nikamtajia. Akasema: Vizuri. Baba atauliza."

Hakimu aliinua kalamu. Yeye hakuelewa. "Baba atauliza nini? Muulize shahidi."

Hapo nilitaka kusimama. Mkalimani alimgeukia yule mama akamuuliza kwa Kihehe, taratibu, kwa adabu zote, "Mama, baba atauliza nini?"

"Atauliza jina la mahali," akasema yule mama. "Ndivyo nilivyoelewa. Alilirudia jina lile mara kadhaa, kama mtoto aliyetumwa dukani. Kisha akanyamaza."

Naye akalitafsiri hilo pia, hadi lile la "kama mtoto aliyetumwa dukani", akakaa chini pale tu hakimu alipomruhusu. Alipotoka nje, yule mama alikuwa chini ya mti wa mvinje, anafunga kanga yake aondoke. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia. Alipiga magoti mbele ya Mkalimani akaanza kulia, akiomba radhi kwa alichokisema. Mkalimani naye akachuchumaa, mzee na kanzu yake, wakawa sawa. "Umenipa chote, mama," alimwambia. "Hukubakiza. Basi, mama, usilie."

Baada ya arobaini watu walifika madrasani siku ya Jumamosi. Hakuwaita, walikuja wenyewe, pamoja na Mwinjilisti kutoka Mbeya. Walimpenda na hawakujua la kufanya na pendo hilo ila kusema. Karani mmoja akasimama akasoma habari za kijana: kwamba alikuwa shujaa, kwamba alikufa kwa ajili ya elimu, kwamba vizazi vitamchukua kuwa mfano. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hakuwa shujaa. Alikuwa mtoto aliyependa kazi yake na akataka baba yake amwambie vizuri. Msimfanye mfano. Mifano haizikwi, mimi nimemzika." Akaanza kuinua fomu moja moja na kuziegemeza ukutani, nasi tukamsaidia. Mwinjilisti, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alibeba fomu mbili mbili. Baraza halikukaa tena.

Mkewe hakumlaumu kwa kelele. Alikaa eda ya huzuni yake, akafunga mizigo, akaenda kwa ndugu zake pwani kupumzika. Watu walingoja arudi. Mkalimani alifagia ua mwenyewe, akanunua sukari nyingi akaiweka kabatini. Mke hakurudi. Mkalimani akaacha kazi, akauza nyumba, akahamia Mbeya kwa binti yake aliyeolewa huko.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa huko Mbeya, miaka ile ya hamsini ikikaribia kuisha. Nilikuwa nimehamishiwa hospitali ya huko. Niliuliza nyumba ya binti yake karibu na Sokomatola, nikaenda alasiri moja ya baridi, ukungu umeshuka toka mlima Loleza hadi kwenye mabati ya nyumba. Alikuwa amekaa barazani, amejifunga blanketi. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Binti ataleta chai."

Tulizungumza juu ya mahindi, juu ya Mwinjilisti ambaye humletea ndizi kila Jumatatu na kumsomea barua anazopata yeye mwenyewe toka kwa wanawe. Juu ya magari hatukusema. Chai ikaja, tukainywa. Kisha akanisogelea kidogo.

"Nataka kukuuliza kitu. Usinionee huruma, nijibu tu."

"Uliza, Mzee."

"Sura yake ninayo. Mikono yake ninayo. Hata harufu ya ile grisi nikifumba macho ninayo. Sauti imeniponyoka." Aliitazama mikono yake juu ya blanketi. "Maisha yangu yote nimebeba sauti za watu. Wezi, wauaji, wajane. Nikitaka sasa hivi nakuletea yeyote kati yao. Ya mwanangu sina. Naitafuta asubuhi, sina. Mama yake angeweza kuniambia, lakini mama yake hasemi nami, na dada yake aliolewa kabla sauti ya mdogo wake haijakomaa. Wewe ulikuwa jirani. Alikuwa akisemaje?"

Nilitafuta. Nilikumbuka alivyokuwa akipita mlangoni kwangu akitoka kazini, hajanawa mikono, anagonga mwimo kwa kiwiko asichafue ubao. Nikajikohoza, nikashusha sauti yangu ya kike chini kadiri nilivyoweza, nikasema alivyokuwa akisema:

"Hodi humu! Nesi, leo umetubakizia?"

Mkalimani alikuwa amefumba macho, sikio amelielekeza kwangu. "Tena," akasema.

Nikasema tena. Safari hii niliivuta ile "hodi" kama alivyokuwa akiivuta.

Mzee akatikisa kichwa, polepole, pasipo kunilaumu.

"Siyo yeye," akasema. "Lakini rudia."

Nikarudia. Binti yake alikuja akasimama mlangoni, upindo wa kanga mdomoni, naye akasikiliza. Nikarudia mpaka sauti ikanikauka, na kila nilipomaliza yule mzee alitikisa kichwa, kisha akaniomba nirudie.